Maneno Yangu Ndani ya Boksi la Krimu

Jumamosi, siku ya mwisho ya Julai. Ukungu ulishuka alfajiri kutoka msitu wa juu ukakaa Karatu hadi karibu na adhuhuri. Naandika nikiwa nimevaa masweta mawili, na bado sijapata joto.

Shajara yangu, kwa masikitiko makubwa naomba kukujulisha kwamba chumba cha uso kimefungwa.

Kwa wasomaji wasionifahamu, mimi ni mtaalamu wa ngozi katika saluni ninayoimiliki kwa ubia na Paskalina. Yeye anashughulika na nywele, mimi na uso. Nyuma ya ukumbi wake, ukivuka pazia, kuna chumba changu kidogo chenye kitanda, mashine ya mvuke na kabati la taulo. Mwaka huu wateja wa uso wamepungua sana, ilhali wasichana wa Paskalina wanasuka watu hadi kibarazani kwa kukosa nafasi. Aliomba, kwa haki kabisa, chumba hicho kiwe cha kusukia. Tukakubaliana kwamba Julai ikiisha bila mteja hata mmoja kulala kwenye kile kitanda, nitakiachia.

Nilikuwa nimebakiwa na tumaini moja, nalo lilikuwa linakuja leo na basi la kutoka Wasso.

Naserian ana duka la shuka na shanga huko Wasso. Kila anapokwenda Arusha kufuata mzigo hukatisha safari hapa, akalala kwa shangazi yake, na asubuhi huja kwangu na vumbi bado limo kwenye nyusi. Mara ya kwanza alikuja amejifunika khanga hadi machoni. Mkorogo wa kujichubua ulikuwa umemuunguza mashavu yakawa mekundu, na pembeni mwa macho ngozi ilikuwa nyeusi kama mkaa. Sikumcheka wala sikumgombeza. Nilimweleza kwamba ngozi hurudi, lakini hairudi kwa haraka.

Ilirudi. Ilirudi kwa mikono hii na kwa krimu ya kampuni moja ambayo wakati ule haikupatikana dukani. Katika mafunzo yaliyofanyika Arusha, mkufunzi wao alisimama mbele yetu, watu wa saluni, akatamka kwamba bidhaa hiyo haitamfikia mteja kamwe isipokuwa kupitia mkono wa mtaalamu. Tulipiga makofi. Tukarudi kila mmoja kwake na kuinadi kama mali yetu wenyewe. Sisi ndio tuliowatoa watu kwenye mkorogo na kuwafundisha jina la krimu hiyo.

Hapo naomba nieleze jambo moja ambalo sikufundishwa na mtu. Nikishapaka, humfunika mteja uso kwa taulo la moto, nikaacha pua tu, kisha nikakaa kwenye kigoda kando yake na kunyamaza. Taulo likipoa, nabadilisha. Ni hayo tu. Lakini watu huzungumza wakiwa chini ya taulo. Hata madereva wa watalii, wale ambao shavu la kulia limeungua kuliko la kushoto kwa sababu ya dirisha, huanza kwa utani kuhusu wazungu na kuishia kwa mama zao. Naserian alizungumza juu ya mtoto aliyemzika kabla hajapewa jina. Sikumjibu. Nilibadilisha taulo.

Niliamini kwamba hicho ndicho alichokuwa akikifuata safari yote ile.

Katika mafunzo hayohayo mkufunzi aliuliza nani anaweza kuandika maelekezo ya matumizi kwa Kiswahili fasaha, kwa ajili ya watu wa saluni. Wenzangu wote walininyooshea vidole. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Lugha ya ofisi nilijifunza kwa kusoma matangazo yaliyobandikwa kwenye ubao wa kata, na leo hii watu hutoka hadi Baray kuja niwaandikie maombi ya maji na ya barabara. Kwa hiyo niliandika. Nilikaa na sentensi zile jioni nyingi, nikizisoma kwa sauti hadi Paskalina akaniomba nimhurumie. Nilizipeleka nikiwa na fahari ambayo sioni sababu ya kuificha.

Mwaka huu krimu ile imetokea kwenye supamaketi ya barabara kuu, imepangwa kati ya dawa ya meno na dawa ya mbu. Imetokea pia kwenye simu za watu. Niliiandikia kampuni kwa niaba ya wenzangu, na kichwa cha barua kilisema: Kusikitishwa na Uamuzi wa Kuwapita Wataalamu. Jibu lilikuja kwenye simu, na ninalinakili lilivyo: “Habari mpenzi! Asante kwa kutupenda. Bonyeza hapa upate ofa.”

Paskalina alicheka hadi chanuo likamponyoka. “Mama Neema, angalau wewe unapendwa!”

Nami nilicheka. Wakati ule Naserian alikuwa bado anakuja.

Leo nilichemsha maji mapema, nikakunja taulo, nikawasha mashine. Mchana basi likafika. Aliingia karibu akikimbia, mkononi amebeba chupa ya asali ya kutoka Sale aliyoniletea, na uso wake uking'aa bila doa. Paskalina alinikonyeza kwenye kioo.

“Shikamoo dada. Sikai, basi limesimama watu wapate kula tu.”

“Marahaba, mdogo wangu. Hulali leo?”

“Silali! Sikusumbui tena, dada yangu.” Akatoa boksi la krimu ileile kwenye mkoba akaliinua juu mbele ya saluni nzima. “Naagiza kwa simu, linapakiwa kwenye basi, nalifuata stendi palepale Wasso. Umeona? Na wewe upumzike kidogo na uso wangu huu.”

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Aliamini ameniletea habari njema.

“Halafu maelezo yake sasa! Hebu sikilizeni.” Alikunjua karatasi ya ndani akasoma kwa sauti, huku wasichana wa kusuka wakigeuza shingo. “Usiisugue ngozi kana kwamba unakwangua sufuria. Iguse kana kwamba unampangusa machozi mtoto aliyelala.” Akanitazama. “Yaani ni kama wewe unaniambia. Nikisoma nasikia sauti yako kabisa!”

Yalikuwa maneno yangu. Hawakuwa wamegusa hata mkato.

Paskalina aliitambua sentensi ile. Chanuo lilisimama kichwani mwa mteja wake, akafungua mdomo. “Mama Neema, si ile...” Nilimtikisia kichwa, akaendelea kuchana.

 Ningemwambia Naserian kwamba maneno ni yangu na chumba kinafungwa leo, angelala kwenye kile kitanda papo hapo, kwa huruma, na basi lingemwacha. Chumba kingebaki. Sikutaka kibaki namna hiyo.

Nilimwomba karatasi nikaisoma hadi chini. Mwishoni kabisa nilikuwa nimeandika: “Funika uso kwa taulo la moto, kisha kaa karibu na unyamaze. Akizungumza, usimkatize.” Aya hiyo wameiondoa. Mahali pake wameandika: “Furahia ngozi yako!”

Nimejaribu kuwaelewa. Mtu aliye peke yake nyumbani hawezi kukaa kando yake mwenyewe.

Nilimuuliza, “Na ukishapaka, unafanya nini?”

“Nalala tu, dada.” Alicheka. Kisha kicheko kikaisha, akalitazama pazia langu, ambalo mvuke ulikuwa ukipita chini yake. Nilidhani atasema neno. Simu yake ikaita, alikuwa kondakta. “Nakuja, nakuja! Msiniache!” Akanikumbatia, shavu lake kwenye shavu langu. Lilikuwa laini sana. Ile ilikuwa kazi yangu.

Akaondoka.

Jioni, wasichana walipokwisha kwenda, nilipanda kwenye kiti na kuanza kulishusha pazia. Paskalina alikuja akakishika kiti nisianguke.

“Tuseme Julai haijaisha,” alisema. “Nani anatuhesabia?”

“Makubaliano ni makubaliano.”

“Wewe na makubaliano yako! Utakuja kuzikwa nayo.” Lakini hakukiachia kiti.

Mataulo niliyomchemshia Naserian yalikuwa bado na joto ndani ya chombo cha kuyatunzia. Niliona ni aibu kuyaacha yapoe bure. Nikapanda kitandani, kitanda nilichowalazia watu wote wale na ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukilalia, nikajifunika uso. Humo ndani kuna giza jekundu, na unausikia moyo wako masikioni. Sikulijua hilo.

Nikasikia kigoda kikiburutwa. Paskalina, ambaye hunyamaza akiwa amelala tu, alikaa kando yangu bila kusema kitu. Taulo lilipopoa, alilibadilisha.

Nilizungumza. Niliyoyasema sitayaandika hapa.

Jumatatu viti vya kusukia vitaingia. Nitahamishia kioo changu na kabati langu kwenye kona ya ukumbi, na atakayetaka kushauriana nami kuhusu ngozi yake atanikuta hapo.

Nitaiandikia tena kampuni. Sitaomba krimu irudi saluni, maana hilo nimekubali kwamba halipo tena mikononi mwangu. Nitaomba, kwa heshima na taadhima, wairudishe aya yangu ya mwisho. Wakinijibu kwa kuniita mpenzi, nitaandika barua nyingine.

Pengine Naserian ataisoma aya hiyo huko Wasso, na kabla ya kupaka atatoka nje amwite jirani.