Rubisi ya Saruji

Dada Koleta, shikamoo. Nakiri kwako peke yako, hata mjomba hajui: leo wazee wawili wa hapa Karagwe wamengojea pombe ya ndizi, rubisi, ambayo haipo, na kosa ni langu.

Jana tulimwaga zege la msingi wa nyumba ya mjomba kati ya mbao mbili ndefu. Kitabu changu cha ujenzi, cha nchi za theluji, kinasema zege bichi lifunikwe lisipatwe na baridi. Na huku ukungu unaingia hadi kitandani. Mjomba alicheka, “Nalo linatetemeka?” lakini akaniacha nilifunike kwa nyasi na majani ya mgomba. Alfajiri alikwenda Rugera, akaniachia ulinzi, maana saruji nyingine hana.

Wazee walipoona majani yale walidhani ni mtumbwi wa kuchachushia rubisi, uliofunikwa uive. Mmoja akachomeka mrija kati ya majani, ukagota.

“Mwenye nyumba anatuficha,” alimwambia mwenzake. “Mbona ngumu hivi?”

Nilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba ya zamani, naona aibu kutoka. Aliposhika ubao auondoe, nikatoka, nikawaamkia.

“Babu, hiyo ni nyumba.”

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi niliwaletea kahawa ya kutafuna, nikarudisha majani, nikaketi kando ya ubao hadi mjomba aliporudi. Nisalimie mama.

Mdogo wako, Deusi