Magdalena Amebaki Mkunya

Chiungutwa, 15 Januari 1956

Kwako Baba Magdalena,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua? Huko kwenye mkonge usilale na nguo mbichi, nakuomba. Mikorosho msimu huu imezaa vizuri, na Nikolao ameota jino la pili.

Krismasi tulikwenda kwa kaka Anselmo, Mkunya. Tulitembea siku mbili, Nikolao mgongoni, Magdalena akanishikia kibuyu cha maji njia nzima. Watoto walikula mpaka mama yangu akawatania, "Wajukuu zangu, mmekuja kusali au kumaliza kuku?" Lakini yeye miguu imevimba, hawezi tena kushuka bondeni kuchota maji.

Siku ya kuondoka Magdalena alijitwisha kifurushi chake. Kaka akamtua. Akasema, "Huyu anabaki, amchotee bibi yake maji. Mtoto ni wa ukoo wetu, na mimi mjomba nimesema."

Baba Magdalena, unajua kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na mjomba akishasema hapingwi. Na mama yangu mzazi alikuwa ananitazama. Nikamfunga Nikolao mgongoni.

Magdalena akaniuliza, "Mama, nimekosa nini?"

Nikamwambia, "Hujakosa, mwanangu, Jumapili nitakufuata." Akakubali, akanipungia mkono bila kulia.

Usimwandikie kaka kwa hasira, atakaza moyo. Omba ruhusa kwa bwana wako, uje umbembeleze mwenyewe kwa heshima. Mimi dada yake hanisikii.

Leo ni Jumapili ya tatu.

Ni mimi mkeo,
Veridiana