Darasa Lililonifunga Chinongwe

Mayu,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Na Masanja wangu, kile kikohozi kimemwisha? Mimi huku Chinongwe mzima, ila moyo umechoka. Nimeandika kwa mkono kwa sababu tukiongea kwenye simu huyo mtoto huwa amekuganda, halafu mimi naishia kulia. Barua analeta mfugaji mmoja wa kwetu anayekaa huku Mbwemkuru, anarudi nyumbani kusalimia.

Mayu, uhamisho umegoma. Yule mwalimu mwenyeji wa Mtua, huku huku kusini, anayefundisha huko Magu, niliyetaka kubadilishana naye kituo, yuko tayari hata kesho. Ilibaki mwalimu mkuu wangu apitishe barua. Akasema kwanza aone darasa langu la Kiingereza limekaaje. Nikajua nikimfurahisha ataniachia. Mjinga mimi!

Tulikuwa kwenye sentensi. Nilishawazoesha hivi: nikisoma iliyokamilika, wapige kofi moja. Nikiishia njiani, waitikie kama wanavyomwitikia mtu anayesimulia: "Enhe?" Nikibandika mbili pamoja bila kituo, waseme, "Pumua!" Basi mwalimu mkuu kakaa nyuma. Nikasoma, "My uncle's big goat." Darasa zima: "Enhe?" Nikasoma, "The goat ran I fell down." "Pumua, mwalimu!" "The goat ran." Paa! Mzee wa watu alicheka mpaka akavua miwani.

Ofisini akairudisha barua yangu kwenye faili. "Mwalimu, hawa zamani walikuwa wanakariri tu kama kasuku. Huyo anayekuja ni wa Hisabati. Nikikuachia, nitawaambia nini wazazi?" Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akikufokea, angalau unamjibu.

Kesho yake niliingia nimekusudia kufundisha ovyo, ili wanichoke. Nikaandika ubaoni sentensi mbili zimegandana, nikasema hii ni sahihi, nakilini. Hakuna aliyeshika kalamu. Binti mmoja, ambaye mwaka jana hata jina lake alikuwa analitaja kwa kunong'ona, akasema, "Mwalimu, pumua." Nikageukia ubao wasione machozi. Halafu nikaweka kituo, tukaendelea.

Sitoki huku karibuni, mayu. Kila likizo namwambia Masanja safari ijayo nakuja kabisa, na nimemdanganya vya kutosha. Mleteni. Najua nyumba itakupwaya, na najua wewe ndiye anayekuita mama. Nisamehe, lakini namtaka mwanangu.

Nisalimie shangazi wa sokoni na baba mdogo wa ng'ombe. Kaka Maduhu ndiye amlete, nitawasubiri stendi ya Ruangwa. Mtoto akinionea haya, mwambie Maduhu asimlazimishe kunisalimia.

Mwanao,
Kabula