Koo Nne za Malindi

Malindi, Unguja
5 Machi 2005

Kwa jina la Mola aliyetuumba na kututia sauti.

Mwanangu Reem, assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Natumai nawe huko Maskati u mzima, na wa nyumbani kwako.

Jana baada ya sala ya alasiri niliingia katika duka la intaneti kama ada yangu, nikafungua baraza la wapenzi wa kasida za kikundi cha Nuru ya Shangani, lile uliloliasisi na kulisimamia wewe. Jina langu likakataliwa. Chini yake palikuwa na maneno haya: "Amefungiwa kwa kujifanya watu wanne." Majina ya wenzangu Mcha, Usi na Abdulhakim nayo yamefungwa.

Nimesomesha watoto Kurani tangu hujazaliwa. Sikuombi unifungulie kwa kuwa mimi ni ndugu wa mama yako. Nakuomba unieleze nimeitwa mwongo mbele ya watu kwa ushahidi gani, na Maulidi ndiyo hayo yanakaribia.

Mjomba wako,
Sleiman


Maskati
11 Machi 2005

Mjomba, shikamoo. Sisi hatujambo. Natumai macho yako yamepata nafuu.

Tulipopiga kura ya kuchagua kasida ya kufungulia Maulidi barazani, kura nne zilitoka katika kompyuta moja, zikifuatana, zote kwa kasida moja. Mwatima, yule mwenzetu aliyeko Kopenhageni, akayaweka maandishi yenu pamoja. Yote yanaanza kwa dua ile ile, na yote yana Kiswahili kile kile kilichonyooka. Akauliza kama kweli hawa ni watu wanne. Sheria yetu ni mtu mmoja, jina moja. Angelikuwa mwengine ningelimfungia. Nisingelikufungia wewe, wangelisema nakulinda. Nimekufungia kwa mkono wangu.

Tangu uondoke baraza limepoa. Ijumaa, saa ile uliyokuwa ukituwekea kumbukumbu zako, hakuna anayeandika. Wanakuachia nafasi yako. Hata Mwatima haandiki.

Nipe kitu cha kuwaonesha, Mjomba.

Mwanao,
Reem


Malindi
25 Machi 2005

Mwanangu Reem, assalaam alaykum. Macho yana nafuu, namshukuru Mola. Tuombee na sisi.

Barua yako niliwasomea wenzangu pale barazani petu nje ya duka. Mcha alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Sheikh, si nilikwambia? Mimi nasema kasida ile tamu, wewe unaandika ina ladha isiyo kifani. Umetutia sote ulimi wako."

Ndivyo ilivyo. Ajuaye kubonyeza herufi ni mimi peke yangu, tena kwa kidole kimoja. Wao husema, mimi huandika, kila mmoja kwa jina lake ili haki yake isipotee. Na kwa mazoea ya chuo changu cha Kurani, kila aliposema ovyo nilimnyoosha, na dua ya kuanzia nikamtilia. Niliona namfanyia adabu, kumbe namfuta.

Sina cha kukuonesha isipokuwa watu wenyewe. Tuliwaitikia Nuru ya Shangani tangu ujana wetu, tukikaa safu ya mbele, kila mmoja na kipande chake cha kiitikio. Piga simu hapa dukani Ijumaa ya tarehe 15 Aprili, baada ya alasiri. Tuite mmoja mmoja, na atakaye kusikia asikie. Usi magoti hayamruhusu kushuka ngazi za nyumba za Michenzani, lakini ameapa atakuja, hata kwa kubebwa.

Mjomba wako,
Sleiman


Maskati
16 Aprili 2005

Mjomba wangu, shikamoo nyingi. Natumai hamjachoka kwa jana.

Sauti niliyoirekodi nimeiweka barazani leo asubuhi, na mpaka sasa watu hawajaacha kuandika. Wengi wanalirejea jibu la Mzee Mcha nilipomwita: "Naam, na leo sheikh hawezi kunisahihisha." Mwatima alisikiliza pamoja na mama yake, aliyekuwa akihudhuria kasida hizo huko Unguja. Mama akasema, "Huyo Usi," kwa kile kikohozi tu, kabla hata hajaimba, kwani ndivyo alivyokuwa akikohoa kila akitaka kuitikia. Mlipoitikia nyote wanne kwa pamoja, mama alisimama.

Mwatima amekuombeni radhi mbele ya wote. Nami nawaomba. Majina yenu manne yamefunguliwa, kura zimerudishwa, na kasida yenu ndiyo iliyoshinda. Wanachama wanataka mwaka huu Maulidi yafunguliwe na nyinyi.

Mwanao,
Reem


Malindi
23 Aprili 2005

Mwanangu Reem, waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Wazima sote, na furaha juu yake.

Maulidi tuliyafungua kwa simu ya hapa dukani, kama mlivyotaka. Majirani wa Michenzani walimshusha Usi juu ya kiti, naye kanzu imepigwa pasi, akipungia watu mkono kama bwana harusi. Mcha akamwambia kuwa mahari ya kumwoza mke hatunayo. Niliposoma kwenye kompyuta salamu za miji yote mliyoko, Abdulhakim, ambaye si mtu wa maneno mengi, alinambia, "Waandikie kuwa tupo." Nikaandika hivyo hivyo, bila kuongeza kitu.

Mwambie Mwatima sina kinyongo. Aliuliza kama kweli sisi ni watu wanne, na sasa dunia nzima inajua kuwa tu wanne.

Mola akuhifadhi wewe na nyumba yako, na kila nyumba itakayosomewa barua hii. Awape riziki ya halali, watoto wema, na sauti ya kumtaja Yeye mpaka pumzi ya mwisho. Amin.

Wajomba zako,
Sleiman
Mcha (barua ndefu hii)
Usi
Abdulhakim