Jini la Mjomba Msabaha

Zaina, bado siamini. Leo daktari kamwambia mjomba Msabaha ana usonji tangu azaliwe. Na miaka yake sitini na sita.

Mama akamnong'oneza asimwambie mtu hapa Dunda.

Mjomba akacheka. Nakwambia, alicheka.

Si unajua mwaka 1971 walimpunga pepo siku saba? Akiziba masikio, mganga anasema jini halitaki ngoma, wazidishe. Mama ndiye aliyekuwa akimshika mikono asiyazibe.

"Dada, hapakuwa na jini," akamwambia. "Asiyetaka ngoma ni mimi. Na sizitaki mpaka leo."

Sasa hivi harusi ya jirani inapita na ngoma. Mjomba yuko barazani, kaziba masikio, anamhadithia kila apitaye alichosema daktari. Mama hathubutu kumshika mikono.