Kipini Nilichosema Nimekitupa

Kwa Shangazi, Kimandolu, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Shikamoo na Baba, ambaye najua amekaa karibu yako akingoja usome. Nimeandika herufi kubwa kama ulivyoniomba, macho yako yasisumbuke. Je, kifua kimepoa? Na yule mbuzi mweusi alizaa salama? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu Alhamisi, ndiyo maana barua hii sikuipeleka posta. Nimempa mwinjilisti anayepanda basi kesho alfajiri kwenda Same, na kutoka hapo atakuja huko kwetu Gonja. Lori la Mjomba Eliamani linalala Moshi hadi kesho likipakia magunia. Namwomba Mungu basi litangulie.

Maana Mjomba ana habari yangu, Mama. Aliniona nimesimama katikati ya watu, askari kando yangu, na kwa masikio yake alinisikia nikikubali kwamba nimetupa dhahabu ya watu. Akaondoka kabla ya mwisho. Tafadhali usiamini nusu aliyonayo yeye kabla hujasoma nusu hii.

Nilikuambia ninafanya kazi gereji ya Fundi Gurdit, Singasinga ambaye Shangazi anapika nyumbani kwake. Sikukueleza ni kazi gani kwa sababu niliona haya, msichana aliyemaliza darasa la nane kusema anasafisha magari. Lakini si kwa kitambaa tu. Kuna mashine ya upepo nyuma ya gereji. Inanguruma na kushindilia upepo ndani ya tangi la chuma, na kwenye tangi kuna mpira mrefu wenye mdomo mwembamba wa shaba. Ukibana kishikio, upepo unatoka kwa nguvu ya kutosha kung'oa vumbi mahali ambapo kidole hakiingii. Wanaume wanajazia magurudumu. Mimi naingia nao ndani ya magari, kwenye mishono ya viti na chini ya pedali. Vumbi la huku ni laini kama unga wa mtama. Kwenye gari la Mwingereza mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Usa River nilitoa maganda ya kahawa, manyoya ya kuku na jino la mbwa.

Siku ya kwanza Fundi alinifundisha hivi, kwa Kiswahili chake: "Sikia, binti. Upepo nasukuma tu, hapana beba. Wewe ndiyo nasema vumbi kwenda wapi." Kwa hiyo unafungua milango ya pande zote mbili, unaanzia juu, unashuka, na unasukuma uchafu utokee mlango wa pili. Na mdomo wa mpira huuelekezi kwa mtu hata kwa mchezo.

Alhamisi manyunyu yalikuwa yakishuka kutoka Mlima Meru tangu asubuhi. Likaletwa gari jeusi la Mama Kanti, mke wa Mhindu mwenye duka la vitambaa. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari lilitakiwa kung'aa. Nilifanya haraka. Mlango wa pili niliuacha umefungwa ili viti visilowe. Naomba ulikumbuke hilo, Mama, kwa sababu kosa langu ni hilo.

Kabla ya kushika mpira nilipapasa chini ya kiti cha nyuma, nikatoa kipini cha mti, kimevunjika kwenye kisu chake. Mtu mwingine angeuliza ni cha nani. Mimi niliona aibu kuwakatiza wanaume maneno yao, nikakitupa kwenye pipa la taka langoni.

Mchana Mama Kanti akaja mwenyewe na gari lile lile, anahema.

"Binti, ndiwe uliyesafisha gari langu?"

"Ndiyo, Mama."

"Umekiona kipini?"

Nikafurahi kuwa nina jibu. "Nimekiona, Mama. Kilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Nimekitupa."

"Umekitupa?"

"Kilikuwa kibovu. Nilidhani hakina kazi tena."

Mama, ungeuona uso wake. Alijipiga kifua. "Kipini cha mama yangu kibovu? Wewe, mtoto wewe!" Akamtuma dereva wake akimbie kumwita askari. Nyundo zikanyamaza gereji nzima. Kaka Anaeli, fundi wa Kimeru kutoka Makumira anayenitania kila siku, akatoka chini ya gari alilokuwa akitengeneza. "Bibi Upepo," akasema, "siku hizi dhahabu inatupwa? Si ungetuambia tuokote!"

Dhahabu! Sikuelewa chochote. Askari akafika na daftari lake, akaniuliza, "Ulisema umekitupa?"

"Ndiyo, nilisema."

Hapo ndipo nilipoinua macho nikamwona Mjomba Eliamani langoni, ameshika kifurushi cha karanga ulichompa. Nilitaka kumwita, sikuwahi. Lori lake lililoziba barabara likapigiwa honi. Akakiweka kifurushi chini polepole, kana kwamba pale pamelala mgonjwa, akaenda zake bila kunisalimu.

Kisha Mama Kanti akagusa pua yake mwenyewe. "Kimetoka Bara Hindi puani mwa mama yangu! Jumamosi binti yangu ataolewa na pua tupu?"

Ndipo nikajua. Mama, sisi tukisema kipini tunasema cha kisu. Huyu mama amezaliwa Pangani, na pwani kipini ni kile kipambo cha dhahabu wanachotia wanawake puani. Nikasema kwa haraka, "Mimi nilisema cha kisu! Nilitupa cha kisu!"

"Haya, amegeuza!" akasema Mama Kanti. "Na hawezi hata kunitazama."

Nilikuwa natazama chini, kama ulivyonifundisha mbele ya mkubwa. Askari akashusha penseli. "Kwanza umekubali, sasa unakana. Niandike lipi?"

Fundi Gurdit hakupandisha sauti. "Pipa iko pale," akasema. "Mwaga."

Wakalimwaga. Vitambaa vya grisi, makopo, maganda ya ndizi, na mwisho kipini changu kikabiringika. Kaka Anaeli akakiinua juu. "Hiki hapa! Nani anatoa pua tumvike?" Watu wakacheka. Dereva akasema kweli ni cha kisu chake, kilivunjika zamani. Nikadhani yamekwisha.

Lakini Mama Kanti hakucheka. "Basi changu kiko wapi? Jana nilikifunga kwenye leso nikiwa nimekaa kiti hicho hicho. Leso ninayo, kipini sina."

"Kipini cha kisu hakimtoi huyu kwenye kesi," askari akasema. "Binti, twende bomani."

Alinishika mkono juu ya kiwiko. Nikaliona jina la Baba likisomwa mbele ya wazungu, na wewe ukipita kanisani watu wakinong'ona. Ndipo neno la Fundi likanirudia, kwamba upepo husukuma tu. Na mimi nilikuwa nimefunga mlango. Ningesema hilo, ningekuwa nimejitia kwenye kosa lingine mbele ya watu wote, na huenda ningefukuzwa palepale. Lakini nilisema, Mama.

"Fundi, asubuhi sikufungua mlango wa pili."

Akanigeukia. "Hapana fungua? Mimi nasema nini siku ya kwanza?"

"Ulisema upepo hausombi. Kwa hiyo hakikutoka nje. Nimekisukuma ndani ya kiti. Naomba nipulize tena, kutokea upande wa pili."

"Aguse gari tena?" askari akasema. "Si atakimeza!"

Mama Kanti akamkatiza. "Mwache. Lakini mikono yako niione."

Nikakunja mikono ya gauni hadi juu. Akatoa jora jeupe alilotaka kufunikia viti, tukalitandika chini ya mlango. Fundi akalegeza kiti na kukiinamisha. Nikapuliza kwa upole, maana ukizidisha nguvu, kitu chepesi kinaruka mbali usikione tena. Zikatoka punje za mchele. Kikatoka kibanio cha nywele. Kisha vumbi, vumbi tupu, halafu upepo ukafifia. Tangi lilikuwa limekwisha.

Ikabidi tungoje mashine ishindilie upya. Mama, sijawahi kungoja vile. Mshale wa kipimo ulipanda kama konokono. Askari alikuwa akigonga penseli kwenye daftari.

Nikaanza tena mshono wa mwisho, pale kiti kinapokutana na ukuta wa gari. Kikasikika kitu kidogo sana, kama punje ya mtama ikidondoka kwenye ungo. Sikuthubutu kuinama. Mama Kanti ndiye aliyeinama. Alikaa pale chini na sari yake kwenye matope, kiganja kimefumbwa, akilia.

Alipoinuka alimwambia askari aende zake. Kisha akaniuliza, "Kwenu mnakiitaje hiki?"

"Hatuna jina lake, Mama. Kwetu pua haitobolewi."

Akacheka huku machozi yakimtoka. "Na kwetu cha kisu ni mpini tu. Mwanangu, ningekufunga kwa neno moja."

Fundi hakunifukuza. Lakini alinikaripia kuhusu ule mlango hadi jioni, na ilinistahili. Sasa ameweka bakuli mezani kwake. Mkono kwanza, upepo baadaye, na chochote nikiokotacho, hata njiti ya kiberiti, kinaingia mle na ninauliza kwa sauti ni cha nani. Kuuliza kwa sauti bado kunanitoa jasho.

Nisalimie Bibi, umwambie sijaacha kuvaa sweta alilonifumia. Nisalimie Dada Nanzia na mtoto wake, na mwalimu wa kwaya, mwambie Kimandolu kuna kwaya lakini sauti ya pili ni dhaifu. Karanga nilizichukua pale chini langoni. Bado sijazila.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kipini. Dereva alisema hakihitaji, Fundi akanipa. Nimekisugua kwa mchanga na kukipaka mafuta. Nadhani kitaingia kwenye kisu chako cha mboga, kile ulichokizungushia kitambaa. Mjomba akifika akasema mbele ya Baba kwamba Nakijwa alichukua kipini cha watu Arusha, msibishane naye. Mkaribishe akae, mwambie ni kweli, halafu umkatie mboga nacho.

Ni mimi mwanao nikuheshimuye,
Nakijwa