Panzi wa Ansila Niliowala

Kasulu, Alhamisi jioni, 1976

Wiki tatu hujakanyaga hapa, Ansila, mjukuu gani wewe? Ungekuja mapema haya yasingetokea.

Wale panzi uliowapaka rangi nyekundu kwenye bawa, ukawaachia shambani kwangu ili uwakamate tena ujue panzi wa shamba zima wako wangapi, leo nimewakaanga. Jikoni kulikuwa na moshi, sikuona. Nimeshiba ndipo nikakuta mabawa saba mekundu kwenye ungo.

Roho haitulii. Mimi shule sikufika mbali, lakini ukifeli baiolojia kwa sababu ya tumbo langu...

Nilitaka kunyamaza. Hapana.

Ukija, usianze kuhesabu. Andika kwanza kwamba shambani kuna mnyama anayekula panzi, naye ni bibi yako. Mwalimu akicheka, acheke.